Rangi ya mwaka huu

Wifi yangu ni mtu mwema. Nalitanguliza hilo kwa sababu nitakayoyasema yanaweza kumwonyesha vingine. Jumamosi iliyopita alikuja kunisaidia kupamba sebule kwa ajili ya Krismasi. Alikuta mti umeshasimama na nusu ya mapambo yameshatundikwa, na swali lake la kwanza, kabla hata hajaweka mkoba chini, lilikuwa: "Wifi, mwaka huu rangi ni ipi?"

Nilidhani ananiuliza rangi ya nguo za sikukuu. Kumbe anauliza rangi ya mti. Kwake mwaka jana ilikuwa dhahabu na nyeupe, mwaka huu ni fedha na buluu iliyokoza, na yale ya dhahabu mengine ameyagawa, mengine ameyatupa. Nikamjibu kwamba kwangu hakuna rangi, kuna boksi. Tukacheka, tukaendelea na kazi. Baadaye simu ikaita, nikatoka nje kuipokea.

Niliporudi, ile nyota ya karatasi ilikuwa imehamishwa nyuma ya mti, upande wa ukutani.

Nyota hiyo binti yangu aliikata kwenye boksi la viatu alipokuwa na miaka 6. Aliipaka gundi na kuimwagia vumbi la kung'aa, ambalo sasa limepukutika lote isipokuwa kwenye ncha mbili. Ncha zenyewe ni sita na hakuna mbili zinazolingana. Nyuma aliandika jina lake, akaruka herufi moja. Sasa ana miaka 11 na jina anaandika vizuri, lakini kila Desemba nyota ile huning'inia mbele, usawa wa macho, na ni yeye anayeitundika. Siku hiyo alikuwa hayupo, nikaitundika mimi ili akirudi aikute.

Aliporudi jioni alikwenda mtini moja kwa moja. Akaitafuta, akazunguka, akaiona. Hakusema neno. Akaichomoa, akaiweka katikati ya daftari lake, akaingia chumbani.

Ule ukimya ndio ulioninyima usingizi, na ndio unaonifanya niandike.

Kuna jambo tunaliharibu, na tunaliharibu kwa nia nzuri kabisa. Tumeanza kuipamba nyumba kana kwamba ni ukumbi wa kukodi. Kila mwaka rangi mpya, kila mwaka mipira mipya, utepe mpya, shada jipya mlangoni, na Januari vyote vinatoka kwenda jalalani ili mwaka ujao tuanze upya. Sasa huo mti unamjuaje mtu anayeishi pale? Mgeni akiutazama atajua nini kuhusu familia hii, zaidi ya kwamba walikwenda dukani? Boksi la mapambo lililokaa miaka 15 juu ya kabati ni kitabu cha nyumba. Ukilifungua unakuta mwaka mliohama, mwaka mtoto wa pili alipozaliwa, mwaka mliokuwa hamna kitu mkapamba kwa riboni za zawadi za zamani mlizozinyoosha kwa pasi. Ukilitupa boksi hilo kwa sababu haliendani na mapazia, umetupa kitabu.

Usiku ule, kwa uchungu, nikaanza kusoma vitu hivi vilitoka wapi. Nilitaka kujua kama ni mimi niliyepitwa na wakati. Nikakutana na habari ya Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto wa kimaskini, na watoto wale walikuwa wanamchosha kwa swali moja kila siku: Krismasi ni lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa: midogo myekundu ya siku za juma, mikubwa minne myeupe ya Jumapili za Majilio, yaani zile nne za kuingojea Krismasi. Kila siku wakawa wanawasha mmoja, watoto wanahesabu wenyewe. Hilo shada la mishumaa minne tunaloliweka mezani leo tukibishana utepe wake uwe wa rangi gani, mwanzo wake ni mtu mzima aliyechukulia kwa uzito swali la mtoto. Niliposoma hapo niliifunga simu nikakaa kimya kwa muda.

Nikaendelea. Maandishi ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanaeleza watu waliosimamisha miti ya msonobari sebuleni na kuitundikia maua ya waridi yaliyokatwa kwa karatasi za rangi, matufaha, biskuti nyembamba na vitu vya sukari. Karatasi! Karatasi iliyokatwa kwa mkono imo katika moja ya habari za zamani kabisa tulizonazo za mti uliopambwa nyumbani. Nyota ya binti yangu ina ukoo mrefu kuliko mipira yote ya wifi yangu, maana ile mipira ya kioo ilikuja kuenea karne ya 19, kutoka kwa wapuliza vioo wa mji mdogo wa Lauscha, huko huko Ujerumani.

Na hata ule mti mkubwa wa Rockefeller Center, yale majengo marefu ya New York, ambao picha zake zinasambaa kila Desemba na kutufanya tuione midogo yetu kuwa ya aibu, nao ulianzaje? Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, vibarua waliokuwa wakijenga pale walichangishana, wakanunua mti wenye urefu wa kama mita 6, wakausimamisha kwenye tope la ujenzi. Waliupamba kwa minyororo ya karatasi, matunda madogo mekundu yaliyotungwa kwenye uzi, na hata makopo ya bati. Watu wale walikuwa na shukrani ya kupata kazi wakati wenzao hawana, na walitumia walichokuwa nacho mkononi. Hakuna aliyeuliza rangi.

Najua nitaambiwa kwamba watu wameiga picha tangu zamani, na hilo ni kweli, nalikubali hata kama silipendi. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa mchoro wa Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa mbele ya mti wao, na mchoro huo ulichangia sana kuusambaza mti katika nyumba za Uingereza. Mwaka 1850 jarida moja la Marekani, Godey's Lady's Book, likauchukua mchoro ule ule, likamvua Malkia taji na kumwondolea Albert masharubu ili waonekane familia ya kawaida ya Kimarekani, na huko nako watu wakaiga. Kwa hiyo kuiga hakukuanza na simu. Lakini utazame mchoro ule vizuri. Mti uko juu ya meza, na kuzunguka meza kuna watu: baba, mama, bibi, watoto. Sasa fungua simu yako utazame miti ya mwaka huu. Sebule imefagiliwa, mito imepangwa, taa zinawaka, hakuna mtu. Hakuna hata kiatu cha mtoto. Tunaiga nyumba ambazo haziishi mtu, kisha tunashangaa kwa nini watoto wetu hawataki kukaa sebuleni.

Nifike kwenye taa, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linaponigusa mimi mwenyewe.

Mtu wa kwanza kuweka taa za umeme kwenye mti alikuwa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, nyumbani kwake New York mwaka 1882. Balbu 80, nyekundu, nyeupe na buluu, na mti wenyewe ukizunguka kwa mota. Taa nilizokulia mimi hazikuzunguka. Ulikuwa waya mmoja wa balbu ndogo, za aina ile ambayo umeme hupita kwenye balbu ya kwanza ndipo ufike ya pili, hadi ya mwisho. Moja ikifa, zote zinazima. Na huwezi kujua ni ipi kwa kutazama. Unakaa chini, unachomoa moja, unachomeka nzima mahali pake, unatazama. Haijawaka. Unairudisha, unakwenda inayofuata.

Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu. Tangu akiwa na miaka 12, kila Desemba alikaa sakafuni na waya ule mapajani, ulimi nje pembeni ya mdomo, akizipitia moja moja. Mimi nilikuwa mshika balbu. Zilipowaka zote kwa pamoja tulipiga kelele hadi majirani wakajua. Tulipokua, mama alinigawia mimi waya ule kwa sababu ndiye niliyebaki nikipamba, lakini kaka aliendelea kuja kuutengeneza. Kila alipopachubua aliviringisha tepu nyeusi ya umeme. Leo waya una tepu sehemu saba, na kila moja naweza kukutajia mwaka wake.

Kuna kipindi mimi na kaka tulikosana. Sitayaeleza ya nyumbani hapa, ila ilipita miezi kumi hatusemeshani. Hakuna mtu wa ukoo aliyeweza kutusuluhisha, na walijaribu. Desemba ikafika, nikauchomeka waya, giza. Nikamwandikia ujumbe wa maneno mawili: "Taa zimezima." Alikuja kesho yake asubuhi. Hakusalimia vizuri, nami sikumsalimia vizuri. Alikaa sakafuni, nikakaa pembeni yake kumshikia balbu. Ilikuwa ya 31. Zilipowaka hakuna aliyepiga kelele, lakini alikunywa chai kwangu siku hiyo, na hatujakosana tena kiasi kile.

Taa mpya zisizozima zingeturudisha vipi kwenye sakafu moja?

Sisemi watu waishi na waya wa hatari. Waya uliochubuka ukakutana na mti mkavu unaweza kuteketeza nyumba na waliomo, na hakuna kumbukumbu inayolipa hasara hiyo. Huu wangu ukifika mahali tepu haitoshi nitaukata mwenyewe na kubakiza balbu moja ndani ya boksi. Taa za LED hazipati joto kama zile za zamani na zinakula umeme kidogo mno; atakayenunua leo anunue hizo. Lakini azinunue akiwa na nia ya kuzitunza. Hali kadhalika mti wa plastiki: hauozi, na kwa hiyo njia pekee ya kuutendea haki ni kuutumia miaka mingi iwezekanavyo, hata kama matawi ya chini yameanza kunyonyoka. Unaugeuzia ukuta upande wenye upara, maisha yanaendelea.

Kuhusu kupamba mapema au kusubiri, na kushusha mara tu mwaka mpya unapoingia au kungoja tarehe 6 Januari, kila mtu afuate dini yake na moyo wake. Sina ugomvi hapo.

Na niseme hili pia, ingawa linanikwama kooni: mti wa wifi yangu ni mzuri. Nilikwenda kuuona juzi. Fedha na buluu, kila mpira umepimwa umbali wake, taa nyeupe zimefichwa ndani ya matawi kiasi kwamba mti unaonekana unatoa mwanga wenyewe. Nilisimama mbele yake nikanyamaza. Yeye ana jicho ambalo mimi sina, na mpangilio si dhambi. Mtu aliyefiwa, au aliyetoka kwenye ndoa iliyomuumiza, anaweza kuhitaji kuanza na boksi jipya kabisa, na ni nani atamlaumu? Ninachokataa ni ile kanuni kwamba kilichotengenezwa na mkono wa mtoto kikae nyuma kwa sababu kinaharibu picha. Kama picha inaharibika, ibadilishwe picha.

Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya chini. Nikamweleza habari ya daftari. Alikaa muda mrefu akichezea ukingo wa kitenge chake, kisha akasema, "Sikujua kama ni ya mtoto. Niliona karatasi tu." Nikamwamini. Halafu akaniambia kitu ambacho kwa miaka yote ya uwifi wetu hakuwahi kuniambia: kwamba alipokuwa mdogo hakuna pambo lake hata moja lililowahi kutundikwa nyumbani kwao, kwa hiyo yeye alijua mapambo ni vitu vinavyotoka dukani.

Nyota bado imo kwenye daftari. Sijamlazimisha airudishe. Tawi lake nimeliacha wazi, la mbele, usawa wa macho yake, ambayo mwaka huu yamepanda juu kidogo.

Jana usiku niliziwasha taa, zote zikawa zinafifia na kurudi. Nikampigia kaka. Akaniuliza ni balbu moja au zote, nikamwambia zote. "Usiuguse," akasema, "nakuja Jumamosi."

Binti yangu alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaniuliza kama mjomba atakuja na ile tepu yake nyeusi, maana ncha moja ya nyota imeanza kubanduka.