Kusajili baiskeli: anayebanwa ni mnunuzi, si mwizi

Kila linapozuka pendekezo la kusajili baiskeli mijini, jibu huwa lile lile: mwizi hasomi stika ya usajili. Ni kweli. Mwenye mkasi wa kukatia kufuli hajali baiskeli imeandikishwa au haijaandikishwa. Lakini mwizi wa kazi haibi ili aendeshe, anaiba ili auze. Tumwache yeye kidogo, tumuulize anayenunua: alijuaje kwamba si mali ya wizi? Mara nyingi hakuwa na njia ya kujua, na asiyetaka kujua hakuna aliyemuuliza.

Tena wizi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko kwenye ghala za polisi, ambako baiskeli zilizokamatwa au kuokotwa zimeegemezwa moja juu ya nyingine, nyingine bado zina kikapu na kengele. Zimepatikana, ila hazina wenyewe. Aliyeibiwa akifika kuripoti anaulizwa namba ya fremu. Hana. Anasema ni nyeusi, ya gia, kiti kimechanika upande mmoja. Baiskeli za sifa hizo ni nyingi, na polisi hawezi kumkabidhi mtu mali kwa maelezo ya namna hiyo. Muda wa kuzihifadhi ukiisha zinapigwa mnada, na hakuna kinachomzuia aliyeibiwa kwenda kununua baiskeli yake mwenyewe. Na namba karibu kila mara ipo! Igeuze baiskeli, futa grisi na matope pale pedali zinapoungana na fremu, utaikuta imegongwa kwenye chuma. Kiwanda kilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika namba hiyo pamoja na jina la mwenye mali.

Japani imeifanya kazi hiyo kuwa lazima tangu 1994. Muuzaji anaandikisha baiskeli papo hapo dukani kwa ada ndogo, stika inabandikwa kwenye fremu, na taarifa zinafika polisi. Wapinzani watakukumbusha kwamba hata huko wizi unaoripotiwa unazidi baiskeli 100,000 kwa mwaka. Sawa, ila nyingi kati ya hizo huchukuliwa zikiwa hazijafungwa kufuli, na kuna wanaozichukua kwa safari moja tu kisha wakazitelekeza. Hapo ndipo stika inapolipa: askari anasoma namba, mwenyewe anapatikana. Mfumo huo haukuzuia baiskeli isiibwe, umeirudisha nyumbani, na sioni kwa nini tuhesabu hilo kuwa si kitu.

Upande wa pili una hoja moja nzito, nayo si ile ya mwizi na stika. Toronto ilidai leseni za baiskeli kuanzia 1935, ikaziacha 1957. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba watoto walikuwa wakivunja sheria bila kujua, na uhusiano wao na polisi ukaharibika. Los Angeles nayo ilifuta sharti lake 2009, baada ya waendesha baiskeli kulalamika kwamba polisi wanalitumia kuwasimamisha na kuwaandikia faini. Mwaka 2022 jimbo zima la California likapitisha sheria ya kuzuia miji kudai leseni za namna hiyo. Hofu hiyo ina msingi: kosa dogo la karatasi likishakuwepo, wa kwanza kusimamishwa ni yule ambaye askari tayari anamtilia shaka, na mara nyingi ni maskini. (Uswisi hutajwa sana kwenye mjadala huu, lakini stika ambayo nchi hiyo iliifuta kuanzia 2012 ilikuwa ya bima ya kufidia madhara kwa watu wengine, haikuhusu wizi.) Hoja ya vipuri nayo ipo: baiskeli ikishavunjwavunjwa, magurudumu na usukani havina namba. Hilo halina dawa hapa.

Ila ukitazama vizuri, kilichoharibika Toronto na Los Angeles ni kumtoza na kumwadhibu mwendeshaji. Ufaransa ilipita njia nyingine. Tangu Januari 2021 baiskeli mpya haitoki kwa mfanyabiashara bila namba ya utambulisho iliyoingizwa kwenye rejesta ya taifa, na Julai mwaka huo huo sharti likawafikia wafanyabiashara wa baiskeli zilizotumika. Baiskeli ndogo za watoto zimesamehewa. Wajibu uko kwa mwenye duka, na mnunuzi anaingiza namba kwenye mtandao kuona kama baiskeli imeripotiwa kuibwa kabla hajatoa fedha.

Mji unaotaka kujaribu uanzie hapo, kwa wauzaji wa baiskeli zilizotumika na tovuti za matangazo: pasipo namba ya fremu, tangazo lisipokelewe. Mwendeshaji asitozwe ada. Na iandikwe wazi ndani ya sheria yenyewe kwamba kukosa stika si kosa, wala si sababu ya kumsimamisha mtu barabarani. Bila kifungu hicho, mimi pia ningeupinga usajili huo.