Lenzi ya Plastiki kwenye Leica Iko Mahali Pake

Kila nikiweka mtandaoni picha niliyoipiga kwa lenzi ya plastiki kwenye Leica M, kamera ghali ya Kijerumani, hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini naidhalilisha kamera. Nalijibu hapa kwa kirefu, maana naliamini kabisa hili: hakuna kamera inayoifaa lenzi duni kuliko renjifainda, yaani kamera ya aina hiyo inayopima umbali kwa dirisha lililo kando ya lenzi, na sababu ya kwanza ni ya kifundi kabla hatujafika kwenye ladha ya mtu.

Tuanze na dirisha la kutazamia. Kwenye kamera ya SLR unatazama kupitia lenzi yenyewe, kwa hiyo ukiifunga lenzi yenye tundu dogo la f/16 (namba ikikua, tundu linapungua), dirisha lote linaingia giza na unapiga kwa kubahatisha. Renjifainda haiko hivyo. Jicho lina dirisha lake pembeni, angavu muda wote, lenye mistari inayoonyesha mipaka ya picha, na katikati kuna kiraka kidogo ambamo taswira mbili hukutanishwa ili kupima umbali. Lenzi iwe ya dola 9,000 au imetolewa kwenye kamera ya kutupa, dirisha halibadiliki. Utaratibu huo Leica wameushikilia tangu M3 ya mwaka 1954, na ndio sehemu ya kile unacholipia kwenye M. Anayesema lenzi ya plastiki inapoteza thamani ya kamera hajatazama vizuri alilipia nini.

Chukua Utulens ya kampuni ya Gizmon, Japani. Ndani yake mna lenzi ya kamera za kutupa za Fujifilm, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 1986. Ndani ya kamera yake ya asili lenzi hiyo ni mateka: tundu ni f/10, kasi ya shata, mlango unaopitisha mwanga, ni 1/140 ya sekunde, filamu ni ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga), basi. Ukipiga juani au kivulini, hesabu ni hiyo hiyo. Gizmon wanalibana tundu hadi f/16 na kuifunga lenzi kwenye pete ya skurubu ya milimita 39, ile ya Leica za zamani. Kwa urefu wa fokasi wa milimita 32 na f/16, ukiifanyia hesabu, kila kitu kuanzia kama mita moja hadi upeo wa macho kinakuwa ndani ya fokasi inayokubalika. Hakuna cha kuzungusha. Ila sasa shata ni yako. Jua la utosini na ISO 400, unaweka 1/500 na mtu anayekimbia anaganda hewani. Lenzi ni ile ile, lakini imepewa mwili unaoitii mikono yako.

Nina picha niliyoipiga kwa lenzi hiyo, ya mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, ya saa sita mchana. Dalali yuko katikati, mkono juu, na hapo kila kitu kinasomeka hadi mishipa ya mkono. Ukielekea kingoni, nyuso za wanunuzi zinaanza kulegea na kuvutika, na kwenye pembe za picha rangi zimeachana: kila ndoo ina uzi wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Jua limepiga maji yaliyotuama mezani, likatawanya weupe mpana uliopanda hadi kwenye kanzu ya mzee aliyesimama nyuma. Lenzi ya kisasa ingenipa umati wote kwa usawa, uso kwa uso, na mtazamaji angehangaika aanzie wapi. Hii inampeleka kwa dalali moja kwa moja.

Kuna wanaosema programu za simu zinafanya hayo hayo kwa kugusa mara moja. Hapana. Kichujio cha simu hutia giza kwenye pembe za kila picha kwa kipimo kimoja, kwa kuwa hakijui jua lilikuwa wapi. Lenzi inajua. Sogea hatua moja kushoto, ule weupe unatoweka. Inamisha kamera kidogo, unarudi ukiwa mwembamba. Ukishaizoea unaanza kusimama tofauti: unamweka mtu katikati kwa sababu unajua kingoni atapotea, au unamweka kingoni kwa makusudi kwa sababu unataka apotee. Uamuzi wote huo unafanyika kabla ya kubonyeza shata, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kupiga picha.

Lenzi za Kisovieti ni habari nyingine, na ndizo nizipendazo zaidi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wasovieti walichukua vioo na mitambo ya Zeiss, kampuni ya lenzi ya Kijerumani, kutoka mji wa Jena kama fidia, wakaendeleza muundo wa lenzi wa Sonnar aliouchora Ludwig Bertele wa Zeiss. Humo ndimo ilimotoka Jupiter-8, milimita 50, f/2. Inaingia kwenye Leica M kwa pete nyembamba tu, kwa sababu kina cha mfumo wa skurubu (umbali kutoka pale lenzi inapofungwa hadi filamu) ni milimita 28.8 na cha M ni 27.8, ile milimita moja ndiyo unene wa pete. Tatizo lake linafahamika: zilitengenezwa kwa kufuata vipimo vya Contax, kamera ya Zeiss, hivyo ukifungua hadi f/2 na kumsogelea mtu, kiraka kinakuambia jicho limepatikana kumbe fokasi imeangukia mbele au nyuma yake kidogo. Ubora nao hutofautiana kati ya moja na nyingine. Uliyonayo lazima uisome wewe mwenyewe. Kwa sisi wa pwani kuna na kuvu: unyevunyevu ukiingia kati ya vioo, matawi yake huenea polepole na kuifanya picha iwe na ukungu usiotabirika. Huo siutetei. Weka lenzi kwenye boksi kavu.

Wanaodhani ulaini wa picha ni uzembe wa kiwanda waitazame Thambar. Leica wenyewe waliitoa mwaka 1935, milimita 90, f/2.2, na makosa yake ya kupinda mwanga waliyaacha kwa makusudi. Inakuja na kichujio chenye doa katikati, linalozuia miale inayopita katikati ya kioo na kuiacha ile ya pembeni, ambayo ndiyo inayokosa kukutana mahali pamoja. Matokeo ni uso unaong'aa kana kwamba taa iko chini ya ngozi. Kampuni yenye sifa ya vioo vikali kuliko wote ilikaa chini ikapanga namna ya kukosea, na ilikosea vizuri sana.

Toleo jipya la mwaka 2017 lilitoka kwa bei ya zaidi ya dola 6,000, na hapo nasema hapana. Uzuri wa lenzi duni ni kwamba unaitoa mfukoni penye vumbi, mvua ya manyunyu na msongamano bila moyo kudunda. Ukishalipa pesa hizo, utaitunza, na ukishaanza kuitunza utaiacha nyumbani.

Mwenye M mkononi ningemwambia aanze na Jupiter-8 na pete inayoleta mistari ya 50 kwenye dirisha, asimame mita mbili au tatu, abaki f/4 mpaka aijue. Utulens ifuate, kwenye kamera yenye mistari ya 35 (M3 haina), na kwa mchana tu: jua likishazama, f/16 inataka ISO 6400 na kuendelea, na filamu za kawaida hazifiki huko.