Tumehubiri sana habari za ulimi, sikio tumeliacha

Kila mwaka makanisani kwetu hapa Mbeya, Yakobo sura ya 3 hupata Jumapili yake. Mhubiri atasimama, atasema ulimi ni moto, ni kiungo kidogo chenye kujivuna makuu, na akifika kwenye umbea macho yake yataelekea upande walikokaa akina mama. Akina baba watacheka kidogo. Ibada itaisha, watu watatoka nje kusubiri mnada wa mazao ya sadaka, na kabla mkungu wa kwanza wa ndizi haujanadiwa utawakuta hao hao akina baba, wawili wawili karibu na pikipiki zao, wakipanga nani aangushwe kwenye uchaguzi wa wazee wa kanisa.

Sina ugomvi na Yakobo. Ninachokataa ni kuifanya dhambi hii iwe ya mdomo peke yake, halafu mdomo wenyewe tukawakabidhi wanawake. Visa vikubwa vya uchongezi katika vitabu vya Samweli ni vya wanaume, tena wanaume wenye vyeo, na lawama haimwishii msemaji. Inakwenda mpaka kwa aliyesikiliza, hasa kama ana madaraka. Mithali 29:12 inasema mtawala akisikiliza uongo, watumishi wake wote watakuwa waovu. Angalia mpangilio huo. Uovu unaanzia kwenye sikio la mkubwa, kisha unashuka kwa walio chini yake, kwa sababu wameshajua kinachonunuliwa pale.

Chukua kisa cha Siba, 2 Samweli 16. Daudi anaikimbia Yerusalemu, mwanawe Absalomu amempindua. Amepanda Mlima wa Mizeituni miguu mitupu, akilia. Akipita kileleni kidogo, anakutana na Siba, mtumishi wa Mefiboshethi mjukuu wa mfalme Sauli aliyetawala kabla ya Daudi, ana punda wawili waliotandikwa, na juu yao mikate 200, vishada 100 vya zabibu, matunda 100 ya wakati wa hari na kiriba cha divai. Lumbesa kamili. Punda ni wa kupandwa na jamaa ya mfalme, mikate ni ya vijana, divai ni ya watakaozimia nyikani. Kila kitu kimefikiriwa. Mfalme anauliza: bwana wako yuko wapi? Siba anajibu kwamba amebaki mjini, anasema leo atarudishiwa ufalme wa baba yake. Papo hapo, bila kutuma mtu, bila hata kusema ngoja kwanza, Daudi anatamka: yote yaliyokuwa ya Mefiboshethi ni yako. Siba anainama na kuomba aendelee kupata kibali machoni pa mfalme.

Mistari minne tu. Zawadi, uchongezi na kujipendekeza vimeingia mlango mmoja, vimebebwa na mtu mmoja. Ndiyo maana siamini wanaosema mbea ni mtu wa aina moja na mwenye kujikomba ni wa aina nyingine. Anayekusifia kupita kiasi ukiwa umekaa mbele yake amekuja na jina la mtu mfukoni. Ukishalegea, atalitoa.

Mefiboshethi mwenyewe alikuwa mlemavu wa miguu yote miwili. Vita vilipokwisha, katika sura ya 19, akateremka kumlaki mfalme: hajaosha miguu, hajakata ndevu, hajafua nguo tangu siku Daudi alipoondoka. Akaeleza kwamba alitaka kutandikiwa punda aende na mfalme, mtumishi wake akamdanganya, kisha akaenda kumsingizia. Ndevu zile zilikuwa ushahidi tosha kwa mtu mwenye macho. Na Daudi akasema nini? Ya nini kuendelea na maneno haya, wewe na Siba gawaneni shamba. Hapo huwa nashindwa kumtetea mfalme wangu. Kurudisha shamba lote kungekuwa ni kukiri mbele ya watu kwamba alinunuliwa kwa mikate, na wakubwa wengi wako radhi mnyonge apoteze nusu ya haki yake kuliko wao kupoteza uso.

Lumbesa ya Siba nimeshaiona ikishushwa. Ilikuwa Jumamosi jioni, nimekwenda nyumbani kwa mchungaji wa usharika mmoja kufuata kinanda cha kwaya. Bajaji ikaingia uani, gunia la viazi limesimamishwa kwenye kiti cha abiria na kufungwa kwa mpira, majogoo mawili yamelazwa chini miguu imefungwa. Mzee mmoja, mtu mzima wa heshima zake, akashuka, akavua kofia. "Shikamoo Baba Mchungaji. Baba, tangu utufikie, usharika huu umefufuka. Mahubiri yako ya Jumapili iliyopita, mama watoto mpaka leo anayarudia." Chai ikamiminwa. Juni hiyo, baridi ya huku mnaijua, kila mtu kakumbatia kikombe chake. Yule mzee akapuliza chai, akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Mimi sipendi kusema watu, Baba. Ila hii hela ya mabati inaniuma. Na duka la mke wa mhazina naona limejaa vitu ghafla."

Mchungaji hakuuliza swali hata moja. Alitikisa kichwa, akasema, "Ahsante kwa kunishtua, mzee wangu." Kikao kilichofuata mhazina akaambiwa apumzike. Hakuulizwa daftari, na daftari lilikuwa na risiti: fedha zilikuwa zimelipwa mapema kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu bei ya bati ilikuwa inapanda na mwenye duka alikubali kuwashikia bei ya zamani. Lori lilipokuja kushusha mabati, idadi ikiwa sawasawa, mhazina akaambiwa maneno ambayo Daudi angeyatambua: "Yameshapita hayo, ndugu yetu, tusonge mbele." Siku hizi anasali kwingine. Duka la mkewe lilijaa kwa sababu alikuwa amepata zamu yake ya mkopo wa VICOBA.

Najua msomaji mkali ameshauliza: na wewe hapa unafanya nini kama si umbea? Jina sijataja, usharika sijautaja, na mwenye kisa nilimwomba ruhusa. Alicheka, akasema andika.

Kinga tunayoikimbilia wengi ni kwamba tunachosema ni kweli. "Mimi simsingizii, nimemwona kwa macho yangu." Sawa. Doegi Mwedomi naye aliona kwa macho yake. Katika 1 Samweli 22, mfalme Sauli, anayemsaka Daudi amwue, amekaa chini ya mti huko Gibea, mkuki mkononi, anawalalamikia watu wake kwamba hakuna anayemhurumia wala kumfunulia habari. Kwanza anawakumbusha mashamba, mizabibu na vyeo, yaani nani mwenye uwezo wa kugawa. Huo ni mnada, na Doegi akapandisha dau. Akasema alimwona Daudi kule Nobu, kuhani Ahimeleki akamwombea kwa Bwana, akampa chakula, akampa upanga wa Goliathi. Habari ya mkate na upanga ni kama ilivyotokea. Alichokiacha ni kwamba Daudi alimwambia kuhani ametumwa na mfalme, kwa hiyo kuhani alidhani anamtumikia Sauli yule yule. Ahimeleki alijitetea mwenyewe, hakusikilizwa. Siku hiyo waliuawa makuhani 85, kwa mkono wa Doegi mwenyewe, na mji wa makuhani ukapigwa, wanawake na watoto wanyonyao wakiwamo.

Kwa hiyo nikisoma Walawi 19:16, sishangai kuona uchongezi na damu vimewekwa katika mstari mmoja: usiende huko na huko kama mchongezi kati ya watu wako, wala usisimame kinyume cha damu ya jirani yako. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kutafsiriwa mstari huo. Tunajua neno "mchawi" linavyoanza, kwamba bibi fulani macho yake mekundu, kwamba mtoto wa jirani aliumwa baada ya kupita kwake. Linanong'onwa kilabuni kwenye ulanzi, linapanda kisimani, linarudi likiwa limeota meno. Kuna wazee waliochomewa nyumba na wengine waliouawa kwa neno ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulisema mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mstari unaofuata, wa 17, unatoa njia nyingine: mkemee jirani yako. Yeye, usoni. Mstari wa 18 ndio ule maarufu wa kumpenda jirani kama nafsi yako. Tunapenda kuunukuu huo wa mwisho kana kwamba ulishuka peke yake.

Sasa niwageukie machawa, yaani wale wanaojikomba kwa wakubwa, maana siku hizi jina hilo halimkeri tena mtu, wapo wanaojitambulisha nalo kwa fahari. Matendo 12 inasimulia watu wa Tiro na Sidoni waliokuwa wamegombana na Herode. Luka ana tabia nzuri ya kutaja sababu za tumbo: nchi yao ilipata chakula kutoka nchi ya mfalme. Basi Herode akavaa mavazi ya kifalme, akahutubu, nao wakapiga kelele, ni sauti ya mungu, si ya mwanadamu. Hakuna aliyeamini. Walikuwa na njaa. Aliyeamini ni mmoja tu, na ndiye aliyeliwa na chango akafa. Mwangalie yeyote huku kwetu anayeshika orodha ya kitu ambacho watu wanakihitaji, iwe mbolea ya ruzuku, viwanja au kizimba sokoni Mwanjelwa. Ghafla hotuba zake huwa na busara, mzaha wake huchekesha, hata shati lake humpendeza. Mithali 29:5 inasema anayemsifu mwenzake kwa kujipendekeza anatandika wavu ili kuitega miguu yake. Wakubwa wetu husoma mstari huo wakidhani unamwonya chawa.

Msichanganye na adabu. Mama wa Kinyakyusa akipiga goti kumsalimu mkubwa, au kijana wa Kihehe akisema kamwene kwa unyenyekevu, hajikombi. Kipimo ni rahisi: heshima hiyo hiyo hupewa hata babu asiye na kitu. Chawa huwezi kumkuta kwa babu huyo.

Hoja nzito dhidi yangu ni hii: tukiwanyamazisha wote wanaopeleka habari kwa wakubwa, wezi watatamba. Kweli kabisa, na Biblia haijatuambia tuwafiche wezi. Paulo alipelekewa habari za Korintho, na akazifanyia kazi. Ila soma alivyoandika katika 1 Wakorintho 1:11: nimearifiwa habari zenu na wale walio wa nyumbani mwa Kloe, ya kwamba iko fitina kwenu. Hakuandika "kuna watu wamenidokeza". Barua ilikwenda kwa kanisa zima, na kanisa zima likajua nani alisema. Aliyetajwa vibaya aliweza kuwafuata watu wa Kloe na kuwauliza. Ukiweka hapo agizo lake kwa Timotheo, kwamba asikubali mashitaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, unaona kwamba Paulo hakutegemea wanong'ono wawe watakatifu. Alilifunga sikio lake kwa masharti.

Kuna mtu mmoja simgusi katika haya yote: binti aliyenyanyaswa na mkubwa wa kanisa, au mtoto anayepigwa nyumbani. Hao wasiambiwe wakamwonye mkosaji faraghani, na habari zao zisipelekwe barazani kujadiliwa na marafiki wa mtuhumiwa. Ziende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na jina la mtoa habari lilindwe.

Kwa mengine yote, ya hela za mabati, ya vyeo vya kwaya, ya nani hafai kuwa mzee, nataka kanuni moja ndogo: anayeleta tuhuma akubali jina lake liandikwe kwenye muhtasari, na anayetuhumiwa aitwe kabla neno lolote halijaamuliwa. Asiyekubali, arudi na habari yake, na gunia lake la viazi pia. Hoja hiyo nimeshaiandika kwa ajili ya mkutano mkuu wa usharika wetu, na chini yake nimetia sahihi.