Mrututu Kwenye Sufuria la Shughuli

Ndoo ya plastiki ya kukorogea mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba, ilikuwepo. Hilo lieleweke mapema, maana huku Sahare watu wanasimulia kana kwamba mwalimu wa kemia ndiye aliyeleta balaa. Basi tu ndani ya ndoo mlikuwa na pweza wa Shangazi, na Mjomba hana subira. Akabeba sufuria la shughuli, lile la alumini la kina mama wa mtaa, lililolala kwetu likisubiri pilau ya Jumamosi.

"Mjomba, mrututu na alumini haviivi chungu kimoja."

"Ualimu wako uache shuleni."

Kumbe ualimu huohuo ndio uliomtia wazimu. Nilikuwa nimemweleza kwamba wakulima wa Médoc, Ufaransa, walipaka zabibu za kando ya barabara mrututu na chokaa ili wezi wakiona ule ubluu wadhani ni sumu. Millardet, profesa wa mimea, akaona zabibu zile hazishikwi na ukungu, akaitangaza dawa mwaka 1885. Mjomba habari ya ukungu haikumgusa. Alichosikia ni wezi. Michungwa yake ya Muheza wapita njia huichuma kuliko yeye.

Akamimina kilo nzima ya mrututu, akajazia maji ya kisima. Na kisima chetu kiko hatua chache na bahari, chai yake wageni huinywa kwa adabu tu.

Ile chumvi ndiyo iliyotumaliza. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba wa oksidi, ukitia mrututu kwenye maji yasiyo na chumvi inaweza kukaa kimya. Kloraidi ya chumvi ikishautoboa utando, shaba iliyoyeyuka inaifikia alumini yenyewe na kuipokonya elektroni. Sufuria likaanza kuchemka bila moto. Povu likaumuka kama hamira, ubluu ukafifia, chini kukajaa matope mekundu. Mapovu yale ni hidrojeni, gesi ya kulipuka, na Mjomba alikuwa ameinama juu yake na sigara mdomoni! Niliinyofoa na kuitupa, akanitazama kama nimemvunjia heshima mbele ya michungwa.

Shangazi akatokea mlangoni. "Auzubillahi! Nani kawasha jiko?"

"Hakuna jiko, Shangazi."

Akarudi ndani kuchukua ubani.

Lilipopoa tukaliinua. Maji yakatutiririkia miguuni kupitia vitundu, na kupitia vitundu hivyo nikamwona Shangazi na chetezo chake. Nikajaribu kueleza: alumini imeyeyuka, shaba imetoka kwenye maji ikawa huo wekundu.

"Yaani sufuria la watu limekwenda, imekuja shaba?"

"Ndiyo. Kila gramu 54 za alumini zinatoa gramu 190 za shaba."

Akanyamaza. Chetezo akakiweka chini. "Na wale wa vyuma chakavu, shaba si ndiyo wanayoilipa zaidi?"

Basi tukakesha tunachuja matope kwa kanga, Mjomba akipiga hesabu ya masufuria mawili mapya na chenji. Asubuhi kijana wa mkokoteni akapita. Shangazi akamwekea kifurushi, akamkaribisha na chai. Kijana akachota kidogo, akasugua kati ya vidole, akanusa, akakifunga tena vizuri. Kisha akalipindua sufuria, akaligonga.

"Hili nalichukua, Mama. Ila hayo matope, mtanilipa ngapi nikawatupie?"