Shujaa Wangu Ananing'inia Hewani Tangu Juni

Nani alisema kiangazi ndio wakati wa kuandika hadithi? Nimemsoma mahala mtaalamu mmoja wa Ulaya akiwausia waandishi: subiri kiangazi, kila mtu yuko likizo, kaa chini ya mti na daftari lako. Sawa bwana. Kila mtu yuko likizo kweli, na likizo yenyewe wanakuja kuimalizia kazini kwangu.

Mie nakaa mapokezi, hoteli moja ya Mji Mkongwe. Kiangazi chao kwetu ni kipupwe: kusi linavuma, boti ya kutoka Dar inapanda na kushuka, wageni wanateremka bandarini nyuso rangi ya tango, na wa kuwapokea kwa juisi ya ukwaju ndiye mie. Naingia saa moja asubuhi. Kutoka, usiniulize.

Na hadithi yangu ninayo. Shujaa anaitwa Mwana-Kebo. Nguvu zake zinatoka kwenye ule waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara mpaka Fumba. Umeme ukiwepo anaruka, anapinda vyuma, anaona yaliyo nyuma ya ukuta. Ukikatika anabaki mtu kama mimi na wewe, kakwama juu ya mnazi anaomba ngazi. Usinicheke. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 ikawa miezi mitatu. Shujaa wa Wamarekani, Superman, anaogopa jiwe la kijani la kwenye sayari nyengine. Wangu anaogopa fundi.

Sasa huyo maskini nimemwacha juu. Tangu Juni ananing'inia angani juu ya Beit-el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, la kwanza kutiwa umeme hapa mjini. Kaenda kulizuia lisiporomoke tena kama lilivyoporomoka Desemba 2020. Mkono mmoja kaunyoosha mbele, kusi linampiga la ubavu. Nilikuwa nimeandika "Ghafla", nikatia mkato, akatokea mgeni kuulizia rimoti ya AC. Mpaka leo sijui ghafla nini.

Nyumbani nako usiseme. Nilimsomea mke wangu ukurasa wa kwanza, yeye anasukuma chapati.

"Kikoi kakifunga shingoni?"

"Ndiyo, kinapepea nyuma."

"Kama anakwenda kunyolewa." Akageuza chapati. "Na gesi hiyo inakwisha, baba watoto."

Kinachoniuma hasa ni yule Clark Kent, ndiye Superman huyohuyo akivaa suti ya kazini. Tangu 1938 kazi yake mwandishi wa gazeti, na kila siku mchana kweupe anapotea kazini, akaokoe dunia, arudi, na mshahara wake uko palepale. Mie nikienda msalani dakika sita meneja kashapiga simu mara mbili. La kuruka naliamini. La ruhusa ndilo silikubali.

Siku yangu moja ya mapumziko mwezi wa Julai ikaangukia Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ambayo wanaume hupigana kwa migomba. Wakwe zangu watu wa Makunduchi, utawaambia huendi kwa sababu unaandika? Nikaenda, nikajipa moyo kwamba walau nitajifunza namna ya kuandika vita. Shemeji alinishukia na mgomba wa mgongoni, nikasahau hata jina la adui.

Lakini hayo yote afadhali. Juzi nilikuwa zamu ya usiku, daftari limebaki nyumbani, nikaandika kwenye karatasi ya maagizo ya usafi: "Chumba namba 7. Mlango umevunjwa. Adui yumo ndani, ana mbawa, usimkaribie peke yako." Nikatoka kumsindikiza mgeni kwenye teksi ya uwanja wa ndege. Kurudi, karatasi haipo. Kaichukua kijana wa usafi, anadhani kazi ya asubuhi. Na kijana mwenyewe Mpemba, wazee wake walilala nje mwaka 1995 kwa kumkimbia Popobawa, lile jini lenye mbawa za popo. Mwambie chochote, usimwambie mbawa. Akamwamsha mlinzi. Mlinzi kaja na rungu, mpishi kaja na mwiko, wakapanda ngazi watu watatu wanasoma Ayatul Kursi kwa sauti moja, wakaupiga mlango bega.

Ndani mzee wa Kijerumani, taulo kiunoni, anapiga mswaki.

Mlango sasa umevunjwa kweli. Bawaba mbili na kitasa, na nishaambiwa pesa zitatoka wapi. Mzee wa watu hata hakukasirika. Alipofahamishwa kwamba ni hadithi, akavuta kiti, povu la dawa ya meno bado mdomoni, akauliza: huyo adui mwenye mbawa kapitaje dirishani, na madirisha yote yana nondo? Nimekaa na swali hilo siku mbili sina jawabu. Mpishi anasema adui awe mwembamba.

Meneja hakutaka kusikia habari ya nondo. Kanitaka nijieleze kwa maandishi, ukurasa mmoja, uwe mezani kwake kabla ya Ijumaa. Leo Jumatano. Niko ukurasa wa tisa, na mlinzi nishamvisha kikoi.