Achaneni na piko, chezeni na hina

Hakuna hina nyeusi. Jani la mhina lina rangi moja inayoshika ngozi, iitwayo lawsoni, nayo huanzia chungwa, ikapita kwenye wekundu wa tofali, ikakomea kahawia iliyokolea. Mkono unaotoka mweusi ti baada ya nusu saa umepakwa piko, na piko ni dawa ya nywele hata pakiti ikiandikwa hina kwa herufi za dhahabu. Kwa maoni yangu, piko irudi kwenye mvi ilikotoka na mikono tuiachie hina, kwa sababu hina ndiyo inayochezeka.

Kinachotia weusi kwenye piko ni kemikali ya parafenilendiamini, ambayo viwandani huifupisha PPD. Umoja wa Ulaya unataka isizidi asilimia 2 katika dawa ya nywele inapofika kichwani, na hauiruhusu kupakwa kwenye ngozi. Marekani nayo inairuhusu kwenye nywele tu. Michoro ya "hina nyeusi" wanayochorwa watalii ilipopimwa maabara, mingine ilikutwa na zaidi ya asilimia 10. Anayekoroga piko kibakulini kwa kukadiria kwa macho hana namna ya kujua ametia ngapi.

Najua jibu linalokuja: "Mbona mie napaka kila Idi na sijaungua?" Shoga, mzio wa PPD ndivyo ulivyo. Mara za mwanzo kinga ya mwili inaitambua kemikali na kuiweka akilini, huku ngozi haioneshi chochote. Siku kinga ikiichukulia kuwa adui, ndani ya siku moja hadi tatu mchoro unaanza kuwasha, unavimba kwa kufuata mistari ya maua yale yale, kisha yanatoka malengelenge. Yakipona yanaweza kuacha kovu au doa jeupe lenye umbo la ua. Na mzio huo hauondoki. Miaka kumi baadaye mtu akitia rangi nywele zake, kichwa na kope vinavimba. Wengine ngozi zao huja kuzikataa hata baadhi ya rangi za nguo na aina fulani za dawa ya ganzi. Kwa hiyo lile tone la majaribio linalopakwa nyuma ya sikio kuangalia mzio halikulindi hapa, maana likipita salama leo halisemi lolote kuhusu Idi ijayo.

Hoja ya maana ya watu wa piko ni ya urembo, na hiyo naiheshimu. Bibi harusi wa Unguja, Lamu au Mombasa amezoeleka kuchorwa mistari ya piko, halafu maua yakajazwa hina nyekundu. Ukiondoa weusi mchoro unaonekana umelala. Lakini tofauti ya rangi inapatikana kwa hina peke yake, ukiwa na siku mbili. Usiku wa kwanza chora mistari kwa hina nzito ukalale nayo. Usiku wa pili izimue hina iliyobaki kwa chai ya rangi iliyopoa hadi iwe majimaji, jaza ndani ya maua kwa brashi nyembamba, na uiondoe baada ya saa moja. Mistari itakolea kahawia, ndani patabaki chungwa.

Tuingie jikoni. Kwa mikono miwili, viganja na migongo, gramu 20 za unga zinatosha na kubaki. Hivyo ni vijiko vitatu vya chakula. Nunua unga uliosagwa kwa ajili ya kuchora. Ule wa nywele una nyuzi za majani zinazoziba tundu la koni ya kuchorea, na utakasirika bure. Unga mzuri una kijani cha majani makavu na harufu ya nyasi. Ukiwa mweusi, au ukinuka dawa au mafuta ya taa, urudishe dukani. Wapo wanaotia petroli ili rangi iingie haraka. Petroli inachoma ngozi, na haina uhusiano wowote na uzuri wa hina.

Uchekeche kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni. Changanya na vijiko viwili vya chai vya sukari, kisha tia juisi ya limau iliyochujwa, vijiko vitatu vya chakula. Asidi ya limau huifanya rangi itoke jani polepole bila kuchakaa kabla haijagusa ngozi. Ndimu iacheni, kwa sababu ikiwa ngozini juani huunguza na kuacha mabaka meusi ya wiki kadhaa. Ngozi isiyopatana na limau itumie chai ya rangi nzito.

Funika kwa plastiki iliyogusa hina yenyewe na uiache ilale. Kwenye joto la Dar es Salaam saa 6 hadi 8 zinatosha. Nairobi au Arusha mwezi wa Julai hesabu 12 na zaidi. Ikiwa tayari, juu inageuka kahawia na ndani inabaki kijani. Weka tone kiganjani dakika tano, ulifute. Likiacha chungwa, endelea. Hapo ndipo unatia mafuta ya lavenda, kijiko kimoja cha chai, na limau la kulainisha kidogo kidogo hadi ukiinua kijiko hina ishuke kama uzi bila kukatika. Visiwani mkono wetu huenda moja kwa moja kwenye mafuta ya karafuu. Yanakoleza kweli, ila eugenoli iliyomo inawasha, hivyo matone matatu au manne kwa kiasi hiki yasizidi, na kwa mjamzito au mtoto yaachwe kabisa.

Koni inatokana na karatasi ya nailoni ngumu ya kufungia maua, sentimita 18 kwa 14, ikakunjwa na kushikwa kwa selotepu, tundu likiwa la ncha ya pini. Jaza theluthi mbili tu. Hina iliyokorogwa hufa baada ya siku mbili tatu nje ya friji, lakini kwenye friza inakaa miezi. Sasa jiulize ile koni iliyokaa mwaka mzima kwenye rafu ya duka lenye joto imehifadhiwa kwa kitu gani.

Osha mikono kwa sabuni na usipake losheni yoyote kabla ya kuchora. Mistari ikianza kukauka, baada ya kama dakika 20, igusegusie kwa pamba yenye limau na sukari ili ishike. Ukiirowesha itachuruzika. Kaa nayo saa 6 hadi 8, ibandue kwa ukingo wa kadi, na usiguse maji kwa saa 12 angalau. Itatoka chungwa ya kukatisha tamaa. Iache, inakolea yenyewe kwa saa 48. Kiganja na unyayo hukolea kuliko kwingine kwa kuwa ngozi yake ni nene, mgongo wa mkono unafuata, na begani usitarajie makubwa.

Hina ikipasuka na kudondoka mapema, sukari ilikuwa chache. Masika, hewa ikiwa nzito, sukari ile ile inavuta maji na mistari inatapakaa, kwa hiyo punguza hadi kijiko kimoja. Rangi ikibaki chungwa hata siku ya tatu, aghalabu mtu aliosha mapema, au alikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, maana hina hupenda mkono wenye joto. Hina safi nayo ina watu wake wa kuepuka: watoto wachanga, na yeyote mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si nadra kwenye maeneo ya malaria. Lawsoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu zao.

Baada ya hapo ndiyo mchezo. Jaribuni kuuvisha mkono kanga: pindo lizunguke kifundo na kingo za mgongo wa mkono, mji ukae katikati na korosho moja kubwa, na chini yake kisanduku cha jina, herufi kubwa, maneno unayoyajua wewe na jirani yako. Au bandika vipande vyembamba vya plasta ya karatasi kidoleni, paka hina kote, na uvitoe siku ya kubandua. Mchoro unakuwa ni ngozi iliyobaki. Mtindo wa hina nyeupe sina ugomvi nao. Ni gundi ya ngozi na unga mweupe, hauingii ndani, unafaa kwa sherehe ya usiku mmoja. Anayeng'ang'ania weusi atafute jagua, utomvu wa tunda bichi la Genipa americana la Amerika ya Kusini, unaotoa bluu iliyokaribia nyeusi baada ya siku moja au mbili. Nao una watu unaowadhuru, na bei yake si ya mchezo.

Kucha ziamulieni mapema. Ngozi hupoteza hina kwa wiki moja hadi tatu, ila ukucha hauiachii. Rangi husogea mbele kadiri unavyoota, na wa mkononi huchukua kama miezi sita kuisha. Asiyetaka apake kwanza rangi ya kucha isiyoonekana, ikauke kabisa, ndipo ashike koni.