Chakula kimepungua kwenye kapu, je, kimepungua mfukoni?

Katika kapu la bidhaa na huduma ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu hulitumia kupima mfumuko wa bei Tanzania, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilibeba asilimia 47.8 kwa kizio cha 2010, yaani mwaka wa kulinganishia bei. Kapu la 2015 likaja na 38.5, na la 2020 likaja na 28.2. Wapo wanaozisoma namba hizi kama habari njema, na wana hoja: mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato kinavyopanda, sehemu yake inayoliwa hupungua.

Nawakubalia nusu. Kapu hilo hujumlisha matumizi ya wote, hivyo anayetumia mamilioni anauvuta wastani kuliko anayenunua mafuta ya kupima. Halafu sahani ya mama lishe haihesabiwi kwenye chakula. Iko kwenye kundi la migahawa na malazi, lililobeba 6.6 katika kapu la 2020. Ukiyaunganisha makundi hayo unapata 34.8, bado chini sana ya 47.8. Kushuka kupo kweli. Ila kodi ya chumba na nauli ya daladala havisubiri, na kinachobanwa kwanza ni tumbo.

Wazee wengi husema vijana wa mjini wanafuja hela kwa kula nje. Hebu tumtazame mpangaji wa chumba kimoja Manzese, Dar es Salaam. Akitaka maharage jioni anahitaji mkaa, mafuta, nyanya, kitunguu, nazi, na muda mrefu wa jiko kuwaka; yakibaki, hana friji, asubuhi yamechacha. Kwa mama lishe anapata wali, maharage na mchicha, ananawa anaondoka. Mama lishe ananunua mchele kwa gunia na moto mmoja unapikia kijiwe kizima. Mtu wa peke yake hamuwezi kwa bei.

Penye watoto hesabu inageuka. Sufuria ya ugali na dagaa inashibisha nyumba nzima kwa hela ambayo kijiweni ingelisha wachache tu. Na hapa ndipo panaponiuma: wastani wa kaya hauonyeshi nani ndani ya kaya alikula nini. Baba anaacha hela ya matumizi asubuhi, mchana anakula wali kuku, jioni chipsi mayai, na nyumbani wanagawana mchuzi. Mpangaji wa Manzese simlaumu hata kidogo. Namlaumu anayekula nyama nje ilhali hela anayoacha nyumbani ni ileile ya kabla unga haujapanda.